Wageni Mia Mbili wa Blogu Yangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana kapita dukani. Anatafuta fundi wa kushona sare za shule nzima. Atasoma kwanza blogu zetu, yangu na ya shemeji, aone nani anaijua kazi. Shemeji ni kaka wa mke wangu, cherehani yake ipo mlango wa pili, na wasomaji hawamwishii. Makala yangu ya kushona kola imesomwa na watu wawili. Mmoja ni mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimegundua siri! Ukiweka kiungo cha makala ya mtu kwenye blogu yako, yeye hupata arifa, na jina la blogu yako linatokea chini ya makala yake. Nimemwekea shemeji viungo sitini. Wasomaji wake watakuja mbio.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kanizuia. Kaja na futi kamba shingoni, kaniambia kwa upole kwamba huo ni usumbufu, ndiyo maana blogu yake ina kichujio cha arifa taka. Wivu tu. Hata yangu ilikuwa nacho. Nimekizima. Nataka wageni, sitaki bawabu.

Alhamisi, 6 Machi
Arifa mia mbili na kumi na nne! Kabla ya chai! Blogu za dunia nzima zimeweka viungo vya makala yangu ya kola. Lugha zao sizielewi, lakini adabu ni adabu. Nimemjibu kila mmoja hapo hapo chini ya makala: asante ndugu, nimefuata ushauri wako, hata mke wangu ameona tofauti. Suruali ya mteja imeungua kwenye pasi.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu mkuu kafungua makala ya kola mbele ya kamati ya wazazi. Chini ya kola, tangazo la dawa ya nguvu za kiume. Chini ya tangazo, shukrani zangu. Zimesomwa kwa sauti. Mama mkwe ni mjumbe wa kamati.
Sare kapewa shemeji. Mke wangu kahamia chumba cha watoto. Nimeona aibu mpaka nikajifungia kwenye chumba cha kujaribia nguo, nikalia kidogo.

Jumamosi, 8 Machi
Shemeji kaniachia kola zote za sare nishone mimi. Kanipa hata nenosiri la blogu yake nipandishe picha za kola, watu waone kazi yangu. Kasema yaliyopita tuyaache, ila niwashe kichujio leo hii. Mke wangu kasema hivyo hivyo, akiwa nyuma ya mlango. Nitafikiria.

Jumapili, 9 Machi
Kichujio cha nini? Bingwa wa kusafisha blogu zenye arifa taka ameniandikia mwenyewe. Kaniona katikati ya wale mia mbili, akanihurumia. Anahitaji nenosiri tu. Nimempa. Nimempa na la shemeji, kwa kumlipa wema wake.
Na mtu huyu ni mwepesi. Nusu saa tu, blogu zote mbili hazifunguki, hata kwangu mimi. Huo sasa ndio ulinzi.