Magongo, Marahaba na Posa Yangu

Jumatatu, 14 Julai

Kifundo cha mguu kimevunjika! Pale mnadani Chemba nimewaambia watu nilikuwa nazuia ng'ombe dume. Ukweli ni ganda la ndizi, na utabaki humu humu. Hospitali wamenifunga hogo, lile plasta gumu, hadi gotini, wakanipa magongo mawili. Munira wa mazoezi ya viungo kanipima nimesimama. Kasema kati ya kwapa na gongo pabaki nafasi ya vidole viwili, uzito niubebe kwa viganja, nisiegemee makwapa hata nikichoka. Maneno mengi! Nikajitazama kwenye kioo cha dirisha. Nimenyooka kama askari. Nani atamhurumia mtu aliyenyooka? Na Ijumaa napeleka posa kwa Mzee Uwesu, baba yake Sikudhani fundi cherehani. Habibu muuza mitumba naye anamnyemelea. Mzee ana huruma sana na wagonjwa. Nilipofika nyumbani nikabonyeza vitufe vya kupimia urefu, nikashusha magongo matundu matatu. Nimepinda vizuri mno.

Jumanne, 15 Julai

Mpango umejibu! Mama ntilie kakataa hela ya chai. Vijana wananiamkia njia nzima. Mmoja ana kipara!

Nikapita kwa Sikudhani, nikazidisha kupinda. Akaacha cherehani, akanivutia kiti, akasema shikamoo.

Shikamoo! Mimi! Miaka yote tunapeana "mambo" na "poa". Na mdomo wangu huu usio na akili ukaitikia marahaba kabla sijauziba. Basi, nimekwisha. Mwanamke uliyemwitikia marahaba unampelekeaje posa? Habibu alikuwa mlango wa pili, kacheka mpaka kashikilia nguzo. Baadaye akaja kuniuliza kama wajukuu hawajambo.

Jumatano, 16 Julai

Kosa nimelijua. Dawa ni kimo. Nimepandisha magongo mpaka tundu la mwisho. Sasa namzidi Habibu kichwa kizima! Makwapa yanauma, na mguu mzima unagusa chini kwa ncha ya vidole tu, lakini siwezi kupata yote. Sikudhani kaniangalia weee, kisha akauliza nani kanianika. Lakini kaniangalia! Habibu hajawahi kuangaliwa hivyo.

Alhamisi, 17 Julai

Vidole vya mkono wa kulia vina ganzi. Nimeshindwa hata kumenya yai. Mama kasema niende kwa Munira, kwapani kuna mishipa ya fahamu na nilishaonywa. Nikamwambia ni baridi ya Julai tu, hata mbuzi wanatetemeka. Mama akauliza ni mbuzi gani huyo anayetembelea magongo.

Ijumaa, 18 Julai

Sitaki kuandika. Naandika.

Baada ya swala nikaongozana na Baba mdogo Mbwana, mshenga wangu. Baraza la Mzee Uwesu lina ngazi tatu. Munira alisema ukipanda, mguu mzima utangulie. Au ni mgonjwa? Nikatanguliza mgonjwa. Nikaingia barazani kwa tumbo. Aliyeniinua ni Habibu! Kumbe kaniwahi, kaleta posa yake. Mzee akanipa pole, akaagiza chai ya maziwa. Nikaipokea kwa mkono wenye ganzi. Vidole vikafunguka vyenyewe. Chai yote kwenye kanzu ya Mzee, ile nyeupe ya Ijumaa! Habibu akaangua kicheko. Mzee akasema, huku akijipepea mapaja, kuwa mwenye uamuzi ni binti mwenyewe. Sikudhani katoka na kitambaa, kafuta, hakunitazama. Nampenda kweli yule mwanamke. Nimelia njiani, na Baba mdogo akajifanya haoni.

Jumamosi, 19 Julai

Munira kanigombeza mbele ya wagonjwa wote. Karudisha ile nafasi ya vidole viwili. Ganzi imeanza kupungua.

Jioni Sikudhani kaja! Hakuniamkia. Kaniuliza habari za jioni, kama mtu na mwenzake. Kasema amemkataa Habibu, maana anayemcheka mgonjwa atamcheka na mkewe. Kuhusu mimi, kasema sura yangu anaijua na ufupi wangu anaujua, hana shida navyo. Shida ni kwamba siambiliki. Nimsikilize Munira, nitembee ninavyofundishwa. Siku hogo litakapotoka atanipa jibu, na nikitulia mpaka siku hiyo, jibu lenyewe nisiliogope.

Nisiliogope! Nimeapa mbele ya Mama. Mimi ni mtu mpya kabisa.

Jumapili, 20 Julai

Munira kasema hogo hukaa wiki sita. Wiki sita! Mtu anasubirije? Nimekaa nikayapitia maneno ya Sikudhani moja moja. Kasema siku hogo litakapotoka. Hakutaja tarehe. Wala hakusema litolewe na nani.

Mguu uko kwenye ndoo ya maji ya moto tangu adhuhuri. Hogo limeshaanza kumomonyoka. Kesho asubuhi nakwenda kuchukua jibu langu.