Kitufe cha Kusambaza na Matanga ya Mzee Aloo

Jumatatu, 3 Juni

Nafasi imetangazwa! Msimamizi wa Hifadhi ya Kidijitali, Maktaba ya Mtaa, Buruburu. Mwenyekiti wa kamati, Mzee Aloo, atataja jina Ijumaa. Tunaoitaka ni wawili: mimi na Nasambu wa meza ya pili. Mimi nina kipaji. Nasambu ana subira, na subira hata punda anayo.

Miaka yote hii kazi yangu ni kuskani. Picha za harusi, programu za ibada, matangazo ya vifo tangu mtaa ulipojengwa. Mama mkwe huwaambia watu kwamba Muhiba wake ameolewa na mtu wa fotokopi. Inaniuma sana. Nikipata cheo hiki atalazimika kukitaja chote, na ni kirefu.

Shida ni moja. Hifadhi haitembelewi. Wageni wa wiki iliyopita: mimi, Nasambu, na mtu aliyekuwa akitafuta matokeo ya mpira akapotea njia. Nasambu anasema watu watakuja vitu vikipangwa vizuri. Kutwa anajaza majina na tarehe, picha moja baada ya nyingine. Namhurumia.

Jumanne, 4 Juni

Wazo limenijia nikiwa na sabuni machoni. Watu hawaji kwenye hifadhi? Basi hifadhi iwaendee!

Nimeongeza moduli mbili, yaani programu ndogo za nyongeza, kwenye mfumo. Ya kwanza inaweka vitufe vya kusambaza chini ya kila picha na kila karatasi. Kuna cha WhatsApp, kuna cha Facebook, na vingine sivijui ila rangi zake zinapendeza. Ya pili ndiyo roho ya mpango. Inaitwa Siku Kama ya Leo. Kila asubuhi inachagua yenyewe kitu cha zamani chenye tarehe ya siku hiyo, inakituma kwenye kikundi cha WhatsApp cha wakazi. Mimi nimelala, kazi inaendelea!

Nasambu akauliza kama nimeijaribu kwanza pembeni. Nikamjibu kwamba wanaojaribu pembeni hubaki pembeni. Nililikumbuka jibu hilo jioni nikila, nikacheka peke yangu mpaka Muhiba akaniuliza nina nini. Nasambu alisema pia mwaka uonekane kwenye kila tangazo. Nimeuficha makusudi. Siku na mwezi vinatosha. Mwaka unajaza nafasi bure na kuwazeesha watu.

Jumatano, 5 Juni

Ushindi! Asubuhi moduli imetuma picha ya harusi ya zamani sana, suruali pana chini, nywele kama kofia. Kikundi kimewaka moto. Mama Kavutha, jirani yetu mwenye duka, amemtambua mumewe akiwa amemshika kiuno mtu asiye yeye. Wamegombana hadharani, na kila aliyeusoma ugomvi amebonyeza kitufe kuusambaza. Hesabu ya wageni imepanda hadi nikafikiri mashine imeharibika.

Nasambu anaendelea na tarehe zake.

Nimempigia simu Mzee Aloo ili habari njema imfikie kutoka kwangu, isije ikachacha njiani. Hapatikani. Kumbe yeye na mkewe wako kwao Siaya tangu Jumapili, wanaezeka nyumba, na huko umeme wa kuchaji ni wa kuomba. Si neno. Kesho kutwa ni Ijumaa.

Alhamisi, 6 Juni

Asubuhi: Mzee Aloo amefariki! Muhiba ndiye aliyenionyesha simu. Picha yake, kile kipara chake, suti, halafu maneno: kwa huzuni kuu familia inatangaza kifo cha Mzee Aloo wa Buruburu, mazishi Siaya. Nimelia. Nimelia kweli, sifichi. Ndiye aliyenipa kazi wakati hakuna aliyenitaka.

Nilipofuta macho nikaona nembo yetu chini ya tangazo. Limetoka kwenye hifadhi! Nikajua Nasambu ameniwahi kuliweka, nikamwonea wivu hata kwenye msiba. Lakini kitufe ni changu. Tangazo limefika Umoja, limefika Kayole, limerudi Buruburu likiwa na mshumaa na aya ya Biblia.

Jioni: Sijui nianzie wapi. Nitaandika yote.

Mtaani kwetu msiba hauulizwi, unaendewa. Nilipofika baada ya alasiri, tenti ilishasimama nje ya geti la Mzee, viti vya kanisani vimepangwa, chai inachemka, kwaya inaimba, na kamati ya mazishi ina mwenyekiti. Nyumba yenyewe ilikuwa na kufuli. Hilo halikumshangaza mtu. Walisema wenyewe wako njiani na mwili. Nasambu alikuwa akizunguka kuomba namba ya jirani yeyote wa Siaya. Wakamwambia akae, anywe chai, kila mtu huupokea msiba kivyake.

Basi watu wakaanza kusimama kusema waliyoachiwa na marehemu. Mwenye bucha akasema Mzee alimwahidi kabati la vyombo. Mama Kavutha akasema yeye aliahidiwa makochi. Nikawaza: Mzee ameondoka bila kutaja jina la msimamizi. Kama kabati lina mrithi, hifadhi je?

Nikasimama. Nikasema kwamba Jumapili, kabla ya safari, Mzee alinishika mkono akaniambia, Jumbe, hifadhi nakuachia wewe. Mama mmoja akajifuta kwa leso. Leso ile ilinilevya, nikaongeza kwamba machozi yalikuwa yakimlengalenga. Nakubali, hapo nilizidisha chumvi.

Wale wa nyuma wakaanza kunyanyuka. Nikadhani wananipa heshima. Kumbe wanapisha njia. Mzee Aloo alikuwa amesimama nyuma ya tenti, kofia ameivua, begi mkononi, mkewe pembeni na kuku wawili. Alidhani ni msiba wa jirani, akasimama kusikiliza ajue ni nani.

"Jumbe," akasema taratibu, "nilikushika mkono gani?"

"Wa kulia, Mzee," nikamjibu. Sijui kwa nini.

Hapo ndipo watu walipokimbia. Mwenye bucha alipanda ukuta ambao siku nyingine asingeufikia hata kwa ngazi. Kwaya iliendelea na ubeti wa tatu, kwa kuwa walikaa upande usioona.

Nasambu ndiye aliyeeleza, polepole, kila mtu akielewa. Tangazo ni la baba yake Mzee, aliyefariki tarehe kama ya leo mwaka 1994. Nyumba ni ile ile, jina ni lile lile, kipara wamerithishana. Moduli ililichagua yenyewe. Mwaka haukuonekana. Watu wote wakageuka kuniangalia, na kuku pia.

Ijumaa, 7 Juni

Nasambu ndiye msimamizi. Moduli zote mbili zimeondolewa asubuhi hii.

Nilitegemea Mzee anifokee. Hakufoka. Akaniita ofisini, akanikalisha.

"Kunitangaza nimekufa ni ajali, Jumbe," akasema. "Lakini kunirithi kabla sijazikwa?"

Nilitamani sakafu ipasuke. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nampenda Mzee huyu, na sasa anajua nilivyo.

Adhabu yangu: nipite nyumba kwa nyumba, kwa miguu, niwaambie watu kwamba yu hai. Tangazo bado linazunguka. Mjane wake amepigiwa simu na mchungaji akimuuliza rangi ya sare, naye akasema ngoja amwulize marehemu.

Jumamosi, 8 Juni

Nimetembea tangu asubuhi. Kisigino kimechubuka. Wengine hawafungui geti. Mmoja ameniambia atangoja habari rasmi kwenye kikundi. Mwingine amesema mimi si wa kuaminika, kwani alinisikia kwenye matanga.

Nimekaa kwenye jiwe, nikatafakari makosa yangu kwa moyo mweupe. Nimeyaona. Kosa ni kwamba habari mbaya ilikuwa na kitufe na habari njema imepewa miguu!

Nasambu bado hajabadilisha nywila, huwa anaamini watu. Nimeingia kwa simu. Nimeandika tangazo jipya, MZEE ALOO YU HAI, picha ile ile nzuri ya suti. Nimerudisha moduli, kidogo tu, kwa ajili ya hili moja. Litatoka kesho asubuhi, halafu kila mwaka tarehe hiyo hiyo, bila mtu kugusa kitu, na nimelifunga lisiweze kufutwa. Mtaa hautakuwa na wasiwasi tena kuhusu Mzee maisha yake yote, wala baada ya hapo.