Kiti cha Naibu na Majani ya Mgomba

Jumatatu, 9 Februari

Kikao cha walimu. Mwalimu mkuu, Madam Marcella, ametangaza kwamba afisa wa elimu anakuja Ijumaa kuona tunavyopunguza takataka shuleni. Halafu akasema jambo lililonitoa usingizini: kiti cha naibu kiko wazi, na atakayeng'ara Ijumaa ndiye atakayependekezwa. Wote wakamgeukia Kiunga. Eti kwa sababu amechimba shimo la mbolea nyuma ya jikoni. Shimo! Hata fuko huchimba shimo. Nilimfundisha Kiunga huyo kusoma hapa hapa Kangeta, na hadi leo mimi ni mwalimu wa Gredi ya Tano tu. Kiti ni changu. Nimemwambia mke wangu apige suti pasi. Ameniuliza kama mimi, Baba Makandi, nimesahau mradi wangu wa nyuki ulivyoishia.

Jumanne, 10 Februari

Nimepata! Wakati wa mapumziko nilitoroka kununua chapati sokoni. Wanaume wanafunga miraa, ile mirungi ya kutafuna inayofukuza usingizi. Jani la mgomba, kamba ya mgomba, na mzigo unafika Nairobi ukiwa mbichi. Jani likitupwa, mbuzi anakula. Takataka hakuna. Kumbe dawa iko mlangoni kwetu! Mapipa ya shule yamejaa karatasi za mkate na za krisps. Basi, kuanzia Alhamisi kila mtoto atabeba chakula ndani ya jani la mgomba. Nilimweleza Madam akiwa kwenye simu, akanipungia mkono. Nimechukulia kwamba amekubali. Kiunga aliniuliza polepole kama nimefikiria vitu hivyo vitaonekanaje. Wivu tu.

Jumatano, 11 Februari

Mzee Kithaka, mzazi na fundi wa kufunga miraa, amekuja kuwafundisha watoto kufunga. Wameshika haraka kuliko walivyowahi kushika hesabu yoyote yangu. Wengi hufunga nyumbani wakiwasaidia baba zao. Vifurushi vimebana, ncha zimekunjwa, kazi safi. Ukikitazama kimoja huwezi kujua ndani kuna viazi vitamu. Mama anayeuza biskuti langoni hakuitikia salamu yangu. Mambo yanaenda vizuri.

Alhamisi, 12 Februari

Mapipa matupu. Madam ameyachungulia mara mbili akitabasamu. Kasoro ndogo: migomba iliyo karibu na shule ni yake, na sasa imebaki mashina. Nimemwambia ni upepo. Pia kuna mnunuzi wa miraa aliyemsimamisha mtoto wa Gredi ya Pili njiani akamuuliza bei. Mtoto akamjibu kuwa ni nduma za kuchemsha. Jamaa akadhani anazungushwa, akapandisha bei. Nimecheka hadi nikakohoa. Suti iko tayari.

Ijumaa, 13 Februari

Siku mbaya. Niliwapanga watoto mistari miwili kutoka langoni, kila mmoja na kifurushi chake kwapani. Gari la afisa, Bi. Zuleka, likasimama ghafla. Akauliza hiki ni nini. Nikamjibu kwa fahari kwamba ni mpango wangu mwenyewe, na wazazi wanatusaidia kufunga. Kwamba hata wa Gredi ya Kwanza hawakosi chao. Kwamba wakishamaliza saa saba hawasinzii mpaka jioni. Nikaongeza kwamba cha walimu kiko ofisini, kama angependa kuonja. Akarudi garini akampigia chifu simu.

Chifu akaja na askari wawili. Vifurushi vikafunguliwa vyote pale uwanjani, wadogo wakilia wakidhani wananyang'anywa chakula. Viazi vitamu. Nduma. Githeri ya mahindi na maharagwe, iliyomwagikia kiatu cha askari mmoja. Nikaanza kupumua. Bi. Zuleka mwenyewe akaanza kucheka. Kikabaki kimoja, cha binti ya Mzee Kithaka. Ndani mlikuwa na miraa.

Mtoto alikosea kifurushi mezani alfajiri. Mzee alipofika, mzigo wake ulikuwa umeshaondoka na gari, na mteja wa Nairobi atafungua viazi vya kuchemsha. Mzee hakunifokea. Alimwomba tu chifu amrudishie miraa yake. Bi. Zuleka akaenda kuona shimo la Kiunga na akakaa huko sana.

Jumatatu, 16 Februari

Kiunga amependekezwa. Nilijifungia stoo ya vitabu nikalia kidogo, sifichi. Mwanafunzi wangu! Alinifuata, akaniita mwalimu wangu, akasema angependa tusaidiane. Madam naye amenisihi nisibuni chochote muhula huu wote.

Lakini nimekaa, nimetulia, nimechambua kosa. Majani hayakuwa na shida. Shida ni kwamba kifurushi kimefungwa, na binadamu asichokiona ndani anakitilia shaka. Basi watu waonyeshwe. Takataka iliyobaki shuleni ni chupa za plastiki za juisi. Nyuma ya baa ya sokoni kuna rundo zima la chupa ndogo za kioo, zile za robo za pombe kali, zinazoingia vizuri kabisa kwenye mfuko wa sare. Kila mtoto atapata yake, niijaze chai ya rangi isiyo na maziwa, anywe kidogo kidogo darasani. Kioo kinaonyesha, hakuna wa kushuku. Mwenye baa ameniruhusu nichukue zote. Lebo nitaziacha, zinapendeza.