Simu Iliyogeuza Dakika Kumi Kuwa Themanini

Umoja wa Warina Asali,
Mpanda.
17 Juni 1996

Ndugu Mkuu wa Chuo cha Kompyuta, Tabora,

Napenda kuutangazia uongozi wa chuo, na kupitia kwenu taifa zima, kwamba Jumamosi iliyopita mimi, Gelasius Benedikto, katibu wa umoja huu, mwenye umri wa miaka arobaini na tisa na watoto sita, nimejifunza kugawanya kwa nane. Mke wangu Fausta alipopata habari alinipongeza, akaniuliza saba nitaianza lini.

Baada ya tangazo hilo, nina malalamiko.

Karani wetu Odeta, binti wa mzee Gervais wa Katumba, ameomba nafasi chuoni kwenu. Mlimpa wiki moja: kazi yake ya mfano iwafikie kabla ya saa kumi jioni, Ijumaa tarehe 14, kwa flopi, kile kisahani cha kuhifadhia kazi ya kompyuta, au kwa simu. Kazi aliifanya. Ni orodha ya warina asali wote wa Inyonga pamoja na mizinga yao, imejaza flopi nzima. Haikuwafikia, na sasa nasikia nafasi atapewa mwingine. Mkosaji ni simu. Ushahidi ni huu:

1. Kitabu kilichokuja na kompyuta kinasema flopi inasomwa kwa mwendo wa herufi 62,500 kwa sekunde. Modemu, kile kiboksi kinachopitisha mambo ya kompyuta kwenye waya wa simu huku kikilia kama mbuzi aliyekanyagwa, kimeandikwa 2400. Nikagawanya, nikaona flopi inaizidi simu mara ishirini na sita. Flopi nzima husomwa kwa sekunde ishirini na tatu, basi simu ingetaka dakika kumi. Saa tisa na nusu nikapiga kwa raha zangu, nikaagiza na chai.

2. Kumbe zile 2400 si herufi. Ni biti, na herufi moja inakula biti nane! Ni sawa na mtu wa Kibaoni aniahidi mchele elfu mbili na mia nne, nipeleke lori, nikute alikuwa anahesabu vikombe na mimi nahesabu madebe. Simu ilikuwa inapitisha herufi mia tatu tu kwa sekunde, na dakika kumi zangu zikawa themanini. Saa kumi ilipofika tulikuwa kwa warina wenye majina ya K.

3. Kwa hesabu hiyohiyo, treni ya kuja kwenu, tukiihurumia tukasema inatumia saa kumi na mbili, ndani ya muda huo simu ingepitisha flopi tisa. Kikapu cha Fausta kinabeba mia mbili na kuku juu. Naomba chuo kitambue kwamba treni yetu, tuliyoisema vibaya miaka yote hii, ina kasi kuliko simu, na iombwe radhi.

4. Kwa kuwa simu inageuza dakika moja kuwa nane, haki inadai wiki yenu nayo igeuzwe. Kwa kipimo cha biti, mwisho wa kupokea kazi ni tarehe 2 Agosti. Odeta hajachelewa. Amewahi mno, na nyie ndio mnaotakiwa kueleza kwa nini hamjajiandaa.

5. Odeta, ambaye ndiye anayechapa barua hii, amesimamisha mikono akasema, "Mzee, hiyo namba nne watatucheka Tabora nzima." Nimemwambia achape, na hilo alilosema pia achape.

Kwa hiyo mpokee flopi iliyomo ndani ya bahasha hii, ihesabike kuwa ilifika Ijumaa.

Nisalimieni walimu, wanafunzi, wapishi, na yule ndugu aliyetusubiri upande wa pili wa waya mpaka saa kumi kamili. Warina wetu nao wanawasalimu, kuanzia A hadi K. Salamu za waliobaki bado ziko njiani.

Ni mimi, wenu kwa biti zote nane,
Gelasius Benedikto
Katibu

Nyongeza. Hapa naandika kwa mkono, Odeta ameenda kula.

Kugawanya kwa nane alinifundisha yeye, Jumanne, siku aliyomaliza kazi; ile Jumamosi ya hapo juu ameichapa akidhani siku hiyo sikumwelewa. Alinichorea kwenye karatasi, dakika themanini, akaniomba tupige siku ileile. Modemu inakaa kwenye kabati langu na ufunguo ninao mimi. Nikamwambia laini mbovu. Jumatano nikasema hivyohivyo. Alhamisi akataka kuituma flopi kwa treni, nikamwambia treni ya nini wakati simu ipo. Ijumaa nikafungua kabati saa tisa na nusu, nikijua.

Ukweli ni kwamba kompyuta ile siiwezi, hata kuiwasha huwa namsubiri yeye. Miaka miwili nawaambia wanachama naiendesha mimi, na mkutanoni wananipigia makofi. Akiondoka, siku ya kwanza tu wataniomba orodha. Nikataka akose nafasi, na lawama ibebwe na simu.

Msimhesabie yeye siku ambazo ni zangu. Nitamwambia mwenyewe treni ikishaondoka na bahasha hii, maana nikimwambia kabla, najijua, nitairudisha mfukoni. Tangu Ijumaa kila asubuhi ananipa pole kwa jinsi nilivyohangaika na ile simu, na mimi naipokea.