Mbawa Hazikugeuzwa

Jumatatu, 4 Machi 2024

Bahati imenijia leo ikinuka samaki. Rachida, mke wangu, alinunua makayabu, samaki wa chumvi, sokoni, na muuzaji akayafunga kwa ukurasa wa jarida la zamani la ndege, la Kifaransa. Nikamnyang'anya kabla haujaenda motoni. Picha ni ya ndege ya jeti ya kuangusha mabomu, iliyochorwa Marekani miaka ya arobaini. Mbawa zake hazilali nyuma kama za ndege nyingine. Zimelala mbele! Kama mikono ya mtu anayekuja kukukumbatia. Haikujengwa kamwe. Nikaitazama mpaka mboga ya pondu ikapoa.

Ijumaa Maman Micheline, mkuu wa shule ya msingi hapa Kabondo, atachagua seremala wa benchi sitini. Ama mimi, ama Glodi wa ng'ambo ya barabara. Glodi ana kibao kipya cha rangi mbili. Mimi nitakuwa na ndege ya mbao juu ya bati za ateliye, karakana yangu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeanza. Mbao ni za kabati ya Rachida, niliyomwahidi tangu Idi. Nimemwambia wateja hawaioni kabati. Akaniuliza kama yeye naye haonekani. Nilikuwa napima.

Ukurasa unasema ndege kama hiyo ikipata mwendo, upepo huzipinda ncha za mbawa kwenda juu mpaka zivunjike. Shida yao! Ateliye yangu haina mwendo.

Jumatano, 6 Machi

Imepanda! Mita nne ncha hadi ncha, rangi ya fedha. Watu wa toleka, wanaobeba abiria, wakasimamisha baiskeli. Furaha ilidumu dakika mbili. Wa kwanza akasema fundi amefunga mbawa kinyume. Wa pili akasema hapana, ndege inarudi nyuma. Nikashuka ngazi na ukurasa mkononi, nikawaeleza yote. Abiria mmoja akasema karatasi inanuka.

Glodi akavuka barabara, mpole kama kawaida yake (ndilo jambo lisilovumilika). Akashauri niweke nguzo mbili chini ya ncha, maana mvua zimekaribia. Wivu mtupu! Nikamwambia walioichora hawakuweka nguzo. Akavuka tena barabara, akarudi kwenye kazi yake.

Alhamisi, 7 Machi

Mteja wa kitanda ameghairi. Anaogopa kichwa kitakuwa upande wa miguu. Nimeandika mlangoni kwa chaki: HAZIKUGEUZWA, NDIVYO ZILIVYO. Sasa watu wanakuja kusoma, halafu wanacheka upya.

Ijumaa, 8 Machi

Maman Micheline alifika saa nne, amevaa pagne, kitenge kipya cha siku ya wanawake. Akatazama juu kwa muda mrefu.

"Papa Yakubu," akasema, "kama ndege yako iko inaangalia nyuma, benchi za batoto zitaangalia wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za Marekani. Ndipo upepo wa mvua ukaingia kutoka mtoni. Ncha ya kushoto ikainuka. Ikajipinda. Sawasawa na ukurasa ulivyosema!

"Ona, Maman!" nikapiga kelele. "Iko ya kweli!"

Ubawa ukang'oka pamoja na bati tatu, ukavuka barabara, ukatua juu ya kibao cha Glodi. Nashukuru Mungu hakuumia mtu. Maman Micheline akashika pagne yake na kukimbilia kwa Glodi kujikinga mvua. Ilipokatika, Glodi alikuwa na benchi sitini. Mimi nilikuwa na maji mpaka vifundoni.

Rachida aliyafagia nje pamoja na vipande vya mbao za kabati yake. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 9 Machi

Asubuhi Glodi alikuja na bati zangu tatu. Amezinyoosha kwa nyundo.

"Papa Yakubu, benchi sitini iko mingi kwa mutu moja," akasema. "Alors, fanya nusu, miye nusu."

Kibao chake hakukitaja. Nikamwambia nitafikiri. Rachida, kutoka ndani, akamjibu kwamba nimeshafikiri. Bon.

Jioni nimemaliza benchi ya kwanza. Urefu ni wa Glodi, vipimo ni vya Glodi. Egemeo la mgongo tu ndilo langu. Dunia nzima hulaza egemeo nyuma, ndiyo maana watoto husinzia darasani. Mimi nimelilaza mbele. Rachida ameikalia, ameinuka mara moja, amesema imemsukuma.

Hasa! Kesho naanza nyingine ishirini na tisa.