Malalamiko Kuhusu Mpelelezi Wenu na Tawi Nililong'oa

Mugutha, Ruiru
12 Machi 1951

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote mnaochapa vitabu. Mimi ni karani wa kinu cha kahawa kule Thika, mtu wa heshima zake mpaka Jumamosi iliyopita. Nilinunua dukani kwa Abdulkarim riwaya yenu ya yule mpelelezi wa kujitegemea anayefumbua wizi wa mashambani kwa kofia na lenzi. Kofia nilikuwa nayo. Lenzi sikupata, nikaazima miwani ya mama.

Jumamosi nilifika nyumbani nikakuta mbuzi wawili wa baba hawapo. Baba naye hakuwapo. Nikafuata nyayo za mbuzi, nimeinama mgongo, hadi kwa Mzee Muigai, baba yake Ngendo. Huyo Ngendo ndiye msichana ambaye mwaka mzima nimemsumbua baba aende kuniposea. Mbuzi walikuwa wamefungwa uani, na kando yao limechomekwa tawi bichi. Kitabuni mwenu wezi huachiana alama. Basi nikaling'oa liwe ushahidi, nikaswaga mbuzi, na njia nzima nikatangaza kwamba Mzee Muigai ni mwizi.

Ndugu Mhariri, kwetu Wakikuyu hata mtoto analijua tawi lile. Baba alikuwa amelipanda asubuhi, pamoja na mbuzi wale, kuonyesha kwamba Ngendo ana mwenyewe, kisha akapitiliza Ruiru kumpasha ndugu yake habari njema. Mwenyewe ndiye mimi. Na anayeling'oa amemkataa msichana. Baba anasema hajapata kusikia mtu aliyejinyang'anya mchumba.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Hakuna mahali mpelelezi wenu anapouliza kwanza nyumbani kwao.

2. Mnasema mtu mkimya ndiye wa kushukiwa. Mzee Muigai alikuwa kimya kwa sababu mkwe wake alikuwa akitambaa uani na miwani ya kike.

3. Ushahidi namba moja, yaani tawi, uliliwa njiani na ushahidi namba mbili.

Kwa hiyo mkiondoe kitabu madukani, mmwandikie Mzee Muigai kwamba kosa ni lenu, na mkishindwa, mumtume huyo mpelelezi aje Mugutha apige magoti badala yangu. Nampenda Ngendo.

Wasalimie wapiga chapa, pamoja na aliyechora ile kofia jaladani.

Ni mimi niliyejipeleleza,
Ephantus Gathogo

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, dada yangu Nyawira amerudi kutoka kwa Ngendo, ambako jana alikuwa amempelekea kitabu changu akisome. Mimi nilikuwa nimeishia ukurasa wa arobaini, Ngendo amekimaliza. Anasema ukurasa wa arobaini na moja mpelelezi anamwomba radhi mzee aliyemsingizia, kwa kuwa hakuuliza nyumbani. Amemsomea baba yake mara mbili. Mzee amecheka, akaagiza nipeleke tawi jingine Jumamosi, mbele ya watu, bila miwani. Kitabu kiacheni madukani. Na mpelelezi msimtume, nitakwenda mwenyewe.