Wiki Tatu za Kujizoeza Joto

Jumatatu, 26 Januari

Nimejiingiza. Mungu wangu, nimejiingiza!

Leo kwenye mkutano wa wafanyakazi, Mama Chepkosgei, mwenyekiti wa ushirika wetu wa maziwa hapa Kitale, alitangaza kwamba tutapeleka watu wawili kwenye mashindano ya michezo mitatu kando ya Ziwa Victoria, upande wa Busia. Kuogelea kilomita mbili, baiskeli kilomita tisini, halafu mbio kilomita ishirini na moja. Siku moja hiyo hiyo! Bila kulala katikati! Nilicheka. Kisha akasema atakayemtangulia mwenzake ndiye atakuwa afisa wa nyanjani, wa kuzungukia wakulima kwa pikipiki ya ushirika. Nikaacha kucheka.

Kiptum akainua mkono. Kiptum ndiye mpima maziwa wetu. Ana miguu mirefu kama korongo na sijawahi kumwona akitokwa na jasho. Miaka minne sasa tunagombania kila kitu, kuanzia kiti cha dirishani. Mkono wangu ukainuka wenyewe. Nina miaka arobaini na miwili. Mimi ni karani. Nina kitambi.

Nilipomwambia mke wangu, Nasike, aliuliza kama nimeandika wosia.

Jumatano, 28 Januari

Nimesoma habari za joto kwenye simu. Kosa kubwa. Ati watu wa sehemu za baridi kama sisi wakishindana kwenye joto lenye unyevunyevu, jasho linatoka lakini halikauki, na mwili unachemka kwa ndani kama sufuria iliyofunikwa. Wengine huzimia. Wengine hawazinduki. Hapo pa "hawazinduki" nimepasoma mara tatu. Na mimi naenda kazini kila asubuhi na sweta mbili!

Dawa, wanasema, ni kujizoeza joto polepole. Polepole sina nafasi nayo. Lakini nina mpango. Shemeji Rosaline, mke wa kaka yangu, anakuza nyanya kule Kiminini ndani ya nyumba ya plastiki. Mchana mle ni jehanamu. Sitamwambia. Atakataa.

Jumamosi, 31 Januari

Niliingia saa saba mchana, Rosaline akiwa sokoni. Sweta mbili, koti la mvua, kofia ya sufu. Baiskeli ya ushirika, ile nzito ya kubebea maziwa, niliiweka juu ya kreti mbili za soda ili gurudumu lizunguke hewani. Nikapiga pedali. Dakika kumi, sawa. Dakika ishirini, nikaanza kusikia nyanya zikinong'onezana. Dakika ya thelathini sijui ilikwenda wapi. Nilijikuta nimelala kifudifudi katikati ya mimea, moyo unapiga kama mashine ya kusaga mahindi, na Rosaline amesimama juu yangu na jembe. Alidhani ni mwizi. Aliponigeuza akapiga kelele: "Shemeji! Si ungenifia humu, na polisi ningewaambia nini?"

Nimevunja mashina kumi na mawili. Nisikanyage tena, ndiyo amri. Hata hivyo, kama nimeweza nusu saa ya jehanamu, ziwa ni nini?

Jumanne, 3 Februari

Mpango wa pili: Kiptum asiende kabisa.

Wakati wa chai nilimweleza, kwa huruma nyingi, kwamba kuna kiboko dume pale tutakapoogelea. Alikata mtumbwi vipande viwili mwaka jana. Kiboko hamli mtu, nikamwambia, anamng'ata tu na kumwacha hapo. Ana kovu kwenye sikio la kushoto. Nilieleza vizuri mno. Kiptum alitafuna mandazi yake, akauliza kiboko ana meno mangapi. Sikujua. Nikasema arobaini. Akanishukuru kwa kumjulisha, akarudi kupima maziwa.

Chai yangu ilipoa. Nimemtunga kiboko mimi mwenyewe, na mimi mwenyewe ndiye ninayemwogopa.

Jumapili, 8 Februari

Baada ya kanisa nilienda Matulo kwa mjomba Wepukhulu. Mto Nzoia uko karibu, na huko ndiko nilikojifunza kuogelea utotoni, mtindo wa mbwa. Mtindo mwingine sina. Mjomba alikaa ukingoni na redio yake. Nilivuka mahali palipotulia mara sita. Kila jani lililonigusa lilikuwa na meno arobaini.

Mjomba alisema naogelea kama mtu anayefukuzwa, akataka kujua na nani. Nikamweleza yote, hata ule uongo. Alizima redio. "Mwanangu," akasema, "mwambie huyo mama hutaki tena. Utaona aibu siku mbili. Ya tatu utakula ugali kama kawaida."

Ushauri wa maana! Nilirudi nyumbani nikaandika barua ya kujitoa. Nzuri, yenye heshima. Kisha Nasike akanipasha kwamba Kiptum amenunua kaptura mpya ya baiskeli.

Barua nimeichana.

Ijumaa, 13 Februari

Tunalala Bungoma, mimi na Kiptum, chumba kimoja. Hata hapa tu shati limenigandia mgongoni. Kesho itakuwaje?

Kiptum amependekeza tusimame kila kituo tunywe maji na ile chumvi tuliyopewa, hata kama hatuna kiu. Nimeitikia. Nimeona ujanja wake! Vituo viko kumi na vinne. Dakika mbili kila kimoja. Nisiposimama, nimempita kwa karibu nusu saa bila kutumia nguvu.

Alisali kabla ya kulala, na akalitaja jina langu. Sikupenda. Mtu hutajwa hivyo akiwa mgonjwa.

Jumapili, 15 Februari

Niko hai. Naandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una dripu. Hospitali, Bungoma.

Jana saa moja asubuhi ziwa lilikuwa vuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Hewa ilikuwa ya kumeza, si ya kuvuta. Tuliingia. Mita mia mbili hivi kutoka ufukweni, kitu laini kikanizunguka mguu. Leo najua lilikuwa gugumaji. Jana nilijua ni yeye, mwenye kovu. Niliogelea nikipiga mayowe, na nikatoka majini dakika nne mbele ya Kiptum!

Baiskeli. Kituo cha kwanza nikapita. Cha pili nikapita. Msichana mmoja alinikimbilia na chupa akisema, "Baba, kunywa!" Nikampungia mkono kama mgombea ubunge. Kufikia kilomita ya sitini jasho lilikuwa limejaa kwenye viatu. Kilomita ya themanini likakoma. Nilifurahi! Nikadhani sasa nimezoea.

Mbio. Kilomita ya tatu nikahisi baridi. Saa saba na nusu mchana, lami imelainika, na mimi nasisimka kama niko Kitale asubuhi ya Julai. Nikamwona Nasike kando ya barabara anaanika nguo. Nikamwita. Hakugeuka. Nikakumbuka Nasike yuko nyumbani, mbali kabisa. Hapo niliogopa kuliko siku zote hizi. Nilitaka kusimama, miguu haikunisikia. Nilitaka kusali, sikukumbuka sala inaanzaje. Barabara ikainuka ikanipiga usoni.

Aliyenikuta ni Kiptum. Angeweza kunipita. Njia ilikuwa wazi, na pikipiki ndiyo hiyo. Alinikokota hadi kivulini, akanivua fulana, akanimwagia maji yake yote, akawa ananipepea kwa kofia. "Walubengo, usilale bana. Nitajie majina ya watoto wako." Nikataja wawili. Nina watatu. Akauliza tena. Na tena. Yule wa tatu alipopatikana, tulikuwa tunalia wote wawili.

Daktari anasema ningechelewa dakika kumi tu, Nasike angekuja kuchukua mwili. Amefika leo asubuhi. Ameshika mguu wangu na hauachilii.

Jumatatu, 2 Machi

Kiptum amepewa pikipiki. Hakumaliza mbio, lakini Mama Chepkosgei alisema mbele ya watu wote kwamba anataka afisa anayesimama mwenzake akianguka. Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga, ya wastani.

Juzi Kiptum alikuja nyumbani na mkungu wa ndizi. Alisema mwakani tufanye mazoezi pamoja, taratibu, kuanzia sasa. Nilimshukuru. Alipoondoka nilimtazama dirishani mpaka akapotea. Anataka nini huyu?

Lakini nimesikia jambo. Juni kutakuwa na mbio za kupanda Mlima Elgon. Kule juu ni barafu tupu asubuhi. Ushirika utapeleka mtu mmoja tu, na Kiptum bado hajajua! Baridi nayo inataka kuzoewa. Kwa hiyo leo nimefika kazini saa kumi na mbili unusu, kabla ya watu, nikaingia chumba cha baridi tunamohifadhi maziwa, na kaptura na shajara hii tu. Nikavuta mlango.

Dakika ishirini na tano sasa. Vidole vimekufa ganzi, ndiyo maana mwandiko ni huu. Meno yanagongana. Na nimegundua kwamba mlango huu hufunguliwa kutoka nje peke yake. Simu iko kwenye suruali. Suruali iko nje. Nimeanza kuogopa.

Asante Mungu, nasikia mtu! Viatu kwenye korido. Anapiga mluzi. Ni Kiptum.

Nilikuwa nimeshainua ngumi nigonge. Nimeishusha. Nitamngoja mwingine.